Jiki, siki, friza au jalala: kitambaa cha ufundi kilichochafuliwa na panya, mende au nondo kisafishwe vipi?

Unafungua sanduku, unakuta mavi ya panya yametapakaa juu ya pamba uliyoitunza kwa ajili ya shuka la viraka. Mkono hutangulia akili: unakishika kitambaa pembe mbili na kukikung'uta. Hilo ndilo kosa la kwanza, tena baya kuliko yote yanayoweza kufuata. Vumbi la mkojo na mavi makavu likipanda hewani unalivuta, na baadhi ya jamii za panya hubeba virusi vya hanta, ambavyo humfikia binadamu hasa kwa njia hiyo ya pumzi. Mkojo wao unaweza kuwa na vimelea vya leptospira, mavi yao salmonela.

Kosa la pili huja robo saa baadaye, ukishatulia. Unachukua jiki, maji ya moto na hasira, unatumbukiza kila kitu kwenye ndoo moja. Kwa miaka yote ya kushona na kudarizi nimepoteza vitambaa vingi kwa kusafisha kuliko kwa panya wenyewe. Ndiyo maana hapa sitauliza dawa ipi ni kali zaidi. Nitauliza uzi wa kitambaa ni wa nini, kisha nani aliyekichafua. Swali la kwanza lina uzito kuliko la pili, ingawa wengi huanza na la pili.

Ujue uzi kabla hujagusa chupa yoyote

Mabaki ya vitambaa hayana lebo. Jaribio la zamani la mafundi bado linafaa: chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa kibano juu ya sinki, uziwashe. Pamba na kitani huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, huacha jivu laini. Sufu na hariri huungua kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, na masalia yake husagika ukiyabonyeza. Polista na nailoni hujikunja, huyeyuka, na kuacha kitone kigumu cha plastiki. Ukipata dalili mbili kwa pamoja ni mchanganyiko, nao utendee kwa kumfuata aliye dhaifu: kitambaa chenye nusu sufu ni sufu.

Kwa nini nasumbuka na hili? Sufu na hariri ni protini, sawa na nywele za kichwani. Damu, kinyesi na mkojo wa panya navyo vina protini. Dawa inayokula protini ya doa haijui kwamba kitambaa chenyewe si doa, hivyo itakula vyote viwili. Pamba na kitani ni selulosi, kitu kingine kabisa, na ndiyo maana vinavumilia mateso ambayo shali ya sufu haiwezi kuyavumilia hata mara moja.

Kipi kiende jalalani

Kuna watu hawatupi kitu, na kuna wanaotupa kila kitu wakiona mende mmoja. Mimi nimekaa katikati, nikiegemea kidogo upande wa kutupa.

Pamba ya kujazia, iwe ya mto, ya mwanasesere au ya tabaka la katikati la shuka la viraka, ikishalowa mkojo wa panya naitupa bila kufikiri. Hunywa maji, hukauka nje na kubaki mbichi ndani, harufu inarudi wiki inayofuata. Ganda la mwanasesere unaweza kulifumua, kulifua na kulijaza upya. Kiota chenyewe, yaani vile vipande vilivyotafunwa vikawa kama manyoya, kinatupwa pamoja na karatasi na uzi uliosokotana nacho. Kitambaa kigumu cha gundi kinachopigwa pasi ndani ya kola na mikoba nacho hakifuliki kabla hakijatumika, kwa sababu gundi yake huharibika.

Pamba yenye madoa machache, kitani, polista, lesi ya nailoni: hivi vinaokolewa karibu kila mara. Sufu, hariri na mahameli huokolewa ikiwa uchafu ni mkavu na wa juujuu. Zikiwa zimelowa mkojo wa siku nyingi, jiulize kama kipande kina thamani ya jioni mbili za kazi na uwezekano mkubwa wa kubaki na duara la rangi iliyopauka. Mkojo wa zamani haukai juu ya rangi tu, hubadilisha rangi yenyewe, na hakuna sabuni inayorudisha rangi iliyokwisha ondoka. Wakati mwingine njia bora ya kusafisha ni mkasi: kata pembeni mwa doa, kilichobaki kinatosha ua la kushonea juu ya kitambaa kingine.

Njia zote mezani

| Njia | Doa | Harufu | Vimelea vya maradhi | Wadudu na mayai | Sufu na hariri |
|---|---|---|---|---|---|
| Jiki iliyochanganywa na maji | Nzuri, kwa nyeupe tu | Wastani | Inaua | Si kazi yake | Hapana kabisa |
| Unga wa oksijeni | Nzuri sana | Nzuri | Wastani | Si kazi yake | Hapana |
| Peroksidi ya asilimia 3 | Nzuri | Wastani | Inaua | Si kazi yake | Nyeupe tu, baada ya kujaribu |
| Sabuni yenye vimeng'enya (viambato vinavyokata protini) | Nzuri sana | Nzuri sana | Haitoshi peke yake | Si kazi yake | Hapana |
| Siki | Kidogo | Wastani | Si ya kutegemea | Hapana | Ndiyo, ikiwa imepunguzwa makali |
| Kufua kwa nyuzijoto 60 | Huweza kugandisha doa | Nzuri | Nzuri | Inaua | Hapana |
| Friza, nyuzijoto 18 chini ya sifuri | Hapana | Hapana | Hapana | Inaua | Ndiyo |
| Dobi wa kemikali bila maji | Mafuta ndiyo, mkojo si hakika | Wastani | Si ya kutegemea | Inaua | Ndiyo |

Soma safu za wima, si za mlalo tu. Hakuna njia hata moja inayojaza safu zote. Friza inaua kiwavi wa nondo lakini haiui salmonela, na jiki inaua salmonela ikaiyeyusha shali njiani. Kwa hiyo karibu kila mara utahitaji njia mbili, na utaratibu wa kuzifuatanisha una maana kuliko chapa ya sabuni.

Hatua ya kwanza ambayo haina ulinganisho

Kwa panya hakuna cha kuchagua hapa. Fungua madirisha na milango, toka, ukae nje nusu saa. Rudi na glavu za mpira. Usifagie na usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu inayapuliza yale yale uliyokuwa ukiyakimbia. Lowanisha mavi kwanza. Kwenye sanduku, rafu na sakafu tumia jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, iliyochanganywa siku hiyo hiyo, uiache dakika 5 kabla ya kufuta. Kwenye kitambaa ambacho jiki itakiharibu, nyunyiza maji ya sabuni taratibu hadi mavi yalainike, kisha uyaokote kwa karatasi yenye unyevu, karatasi iingie kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine. Osha glavu kabla ya kuzivua, halafu mikono.

Mende hawana hatari hiyo ya hanta, lakini vumbi la kinyesi na magamba yao huamsha pumu, kwa hiyo unyevu kidogo kabla ya kugusa unafaa pia. Kinyesi chao kina harufu inayowaita wenzao. Kitambaa kilichofutwa nusunusu kikarudishwa sandukuni ni barua ya mwaliko.

Jiki, oksijeni au peroksidi

Jiki ina sifa isiyostahili yote. Ni nzuri mno kwa sanduku la plastiki, kwa rafu, kwa ndoo. Kwa kitambaa, naipa nafasi moja tu: pamba au kitani nyeupe kabisa, isiyo na uzi wa rangi, isiyo na mpira wa kunyumbuka, na kwa dakika chache. Sufu na hariri zikilowekwa kwenye jiki hugeuka njano, kisha huyeyuka. Si maneno ya kutisha, uzi wa sufu hutoweka kweli ndani ya jiki nzito. Hata pamba hudhoofika ukirudia mara nyingi, na unakuja kuigundua siku sindano inapopasua mahali palipoonekana pazima.

Kuna jambo jingine ambalo chupa hulisema kwa herufi ndogo. Jiki ikikutana na mkojo uliokwisha geuka amonia hutoa mvuke wa kloramini, unaochoma macho na mapafu. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Wale wanaoshauri uloweke kwa siki halafu umalizie na jiki wanakuandalia sumu bafuni. Kama umeshatumia siki, suuza mara kadhaa, na afadhali uisahau jiki siku hiyo.

Unga wa oksijeni, yaani sodiamu pakaboneti, ndio ninaoutumia kwa pamba za rangi na nyeupe. Ukiingia kwenye maji huachia peroksidi ya hidrojeni, na hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa ya uvuguvugu wa nyuzijoto 40 kwenda juu. Loweka saa moja hadi usiku kucha, ndoo isifunikwe kwa kubanwa kwa sababu gesi inahitaji pa kutokea. Uudhi wake mmoja: maji yake ni ya alkali, na alkali ni adui mwingine wa sufu na hariri. Maandishi ya "salama kwa rangi" kwenye pakiti yanazungumzia rangi, hayazungumzii nyuzi.

Peroksidi ya asilimia 3, ile ya chupa nyeusi ya duka la dawa, ndiyo ya kati. Chupa ni nyeusi kwa sababu mwanga huivunja, kwa hiyo usiihamishie kwenye chupa ya kupulizia inayoona jua. Kwa doa dogo la kinyesi cha mende au kunguni kwenye pamba nyeupe, itone, iache itoe povu, ifyonze kwa kitambaa safi, rudia. Kwa sufu nyeupe au hariri nyeupe ninaithubutu, nikishajaribu kwenye ukingo uliofichwa. Kwa hariri ya rangi, siithubutu.

Nikilazimishwa kununua moja tu kati ya hizi tatu, ni unga wa oksijeni, kwa sababu vitu vingi vya ufundi wa sindano ni pamba. Anayefuma kwa sufu pekee hautamfaa kitu.

Harufu: siki, baikaboneti, vimeng'enya

Harufu ndiyo inayowashinda watu. Doa limetoka, kitambaa kimekauka, kinapendeza. Siku ya mvua, hewa ikipata unyevu, panya anarudi puani.

Siki humaliza ile sehemu ya amonia kwa sababu ni asidi na amonia ni kinyume chake. Kikombe kimoja ndani ya ndoo ya maji baridi, nusu saa, suuza. Ni rahisi, haiumizi sufu ikiwa imepunguzwa hivyo, na inaondoa mabaki ya sabuni. Lakini protini za mkojo wa panya zinazoshikilia harufu yake hazijali siki. Na ile imani kwamba siki hushika rangi ya pamba isichuje, iacheni. Rangi za kisasa za pamba hazishikwi na siki wala chumvi ya jikoni.

Baikaboneti, ile soda ya kuokea keki, inafyonza harufu ya kitu kikavu. Inafaa kwa kile kisichofulika, kama mfuko wenye fremu ya mbao au felti ya sufu ya kofia. Nyunyiza, acha usiku kucha, iondoe kwa brashi nje ya nyumba. Usiichanganye na siki ukidhani nguvu zinajumlishwa. Povu linapendeza macho, lakini viwili hivyo vimeuana na kilichobaki ni karibu maji matupu yenye chumvi.

Vimeng'enya ndivyo vinavyoshinda hapa, na kwa mbali. Hukata zile protini vipande vipande hadi zinasuuzika. Vinapatikana kwenye sabuni nyingi za unga na kwenye dawa za mikojo ya wanyama wa kufugwa. Soma orodha ya viambato utafute neno protisi au maneno ya aina hiyo. Vinadai mambo matatu: unyevu, muda wa saa kadhaa, na maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huviua kabla havijaanza kazi, jiki pia. Wengi wanaolalamika kwamba dawa ya vimeng'enya ni uongo waliipulizia, wakaifuta baada ya dakika mbili. Lowesha doa lote hadi upande wa pili, funika kwa taulo lenye unyevu lisikauke, ulale. Na kama nilivyotangulia kusema, kimeng'enya kinachokula protini kitaila sufu na hariri. Kwa hizo tumia sabuni laini ya sufu na siki, ukubali kwamba harufu itaondoka kwa awamu.

Kuhusu tochi ya mwanga wa zambarau inayoonyesha mkojo: ni kweli mkojo wa panya hung'aa chini yake. Lakini sabuni nyingi za unga huacha ving'arisho kwenye pamba, navyo hung'aa buluu kali. Ukimulika kitambaa cheupe kilichowahi kufuliwa utadhani panya wa mtaa mzima walifanya mkutano juu yake. Tochi inasaidia kwenye sanduku, ukuta, na kitambaa kisichowahi kuguswa na sabuni.

Friza, joto, jua, naftalini

Hapa tumemaliza na panya, tunaingia kwa nondo, mbawakawa wa zulia na kunguni. Nondo mzima anayeruka hali nguo. Anayekula ni kiwavi, naye anataka sufu, hariri, manyoya. Pamba huitafuna tu ikiwa na jasho au chakula juu yake. Na uchafu wake hudanganya: ni punje kama mchanga zenye rangi ile ile ya uzi aliokula, kwa hiyo chini ya shali nyekundu utakuta mchanga mwekundu ukadhani ni vumbi la rangi.

Friza ndiyo rafiki wa sufu. Weka kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga sawasawa, weka wiki mbili kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kwa kunguni siku nne za baridi hiyo zinatosha, mradi baridi imefika katikati ya furushi, na furushi nene huchukua muda kufikiwa. Ukitoa, usifungue mfuko hadi siku ya pili. Ukifungua mapema unyevu utatua juu ya kitambaa badala ya juu ya plastiki. Friza haisafishi lolote, kwa hiyo maganda, mayai yaliyokufa na mchanga ule utayatoa kwa brashi nje ya nyumba baadaye. Wala usiweke humo kitambaa chenye mavi ya panya karibu na chakula ukitegemea baridi itaua vimelea. Haitaviua.

Joto ni la haraka. Kufua kwa nyuzijoto 60, au nusu saa ndani ya mashine ya kukaushia iliyowekwa moto mkali, kunamaliza kunguni na mayai yao. Kwa pamba isiyosinyaa hiyo ndiyo njia yangu. Pasi yenye mvuke nayo inatosha kwa kitambaa chembamba, ikipita polepole pande zote mbili. Oveni ya jikoni mtu asiijaribu. Nyuzi na plastiki ndani ya oveni ni moto unaosubiri.

Jua napenda, lakini nalikabidhi kazi ndogo. Saa kadhaa za jua kali ni msaada wa kweli kwa vimelea juu ya kitu kisichoweza kulowanishwa, na kiwavi hukimbia mwanga. Mfuko mweusi juani haukuhakikishii kitu, kwa sababu nje unachoma mkono na katikati ya furushi bado ni vuguvugu. Na jua linalofukuza kiwavi linapausha rangi pia.

Naftalini, zile mbegu nyeupe za kabatini, huua tu ndani ya chombo kilichofungwa kabisa mvuke ukajaa. Kwenye kabati linalofunguliwa kila siku zinanukisha tu. Zinadhuru mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha mwilini kiitwacho G6PD kwa kuvunja seli nyekundu za damu, na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi. Kama ufundi wako ni nguo za watoto au wanasesere, mimi nasema moja kwa moja: zisiingie kwenye sanduku lako. Karafuu na lavenda hazidhuru mtu, wala hazimuui kiwavi aliyekwisha ingia.

Mende, kunguni, mjusi: doa na doa lake

Doa la kunguni ni damu iliyosagwa tumboni, jeusi, lililosambaa kingoni kama nukta ya kalamu ya wino. La mende ni la kahawia, kama unga wa kahawa au michirizi. Yote mawili yanaanza na maji baridi. Ukianza na maji ya moto, protini inaganda ndani ya uzi kama yai kwenye kikaango. Baada ya maji baridi, sabuni yenye vimeng'enya kwa pamba na polista, kisha oksijeni. Moto ni wa mwisho, doa likishaondoka. Na usipige pasi juu ya kivuli cha doa "uone kama kitaonekana". Kitaonekana, na kitabaki.

Mjusi wa ukutani ni kinyume. Ile ncha nyeupe ya kinyesi chake ni asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Ukisugua kikiwa kibichi unaisambaza. Acha kikauke, kiinue kwa ncha ya kisu butu ukiwa na glavu, kisha osha kilichobaki kwa maji ya sabuni. Na vile vidudu vya kijivu vinavyong'aa kama fedha, vipenzi vya vitabu, hufuata wanga: kitambaa kilichopigwa kanji na kuhifadhiwa ni karamu yao. Fua kanji itoke kabla ya kuhifadhi, utie tena siku ya kutumia.

Mkono, mashine au dobi

Kipande chini ya ukubwa wa leso, mkono. Vipande vidogo kwenye mashine hutoka vimesokotana kama kamba na nyuzi za kingo zimefumuka. Ukilazimika, viweke kwenye mfuko wa wavu. Jora zima au kipande kirefu, mashine, ukishashona kingo kwa mshono wa zigizaga. Jaribu rangi kwanza: kandamiza pamba nyeupe yenye maji ya sabuni juu ya kitambaa dakika mbili. Ikitoka na rangi, kinafuliwa peke yake.

Dobi wa kemikali anafaa kwa sufu iliyoingiliwa na nondo, kwa sababu kemikali zake huua hatua zote za mdudu bila kusinyaza kitambaa. Kwa mkojo wa panya si bingwa kama watu wanavyodhani, maana doa la mkojo linayeyuka kwenye maji, na yeye hatumii maji, asipolitibu kwanza kwa mkono. Mwambie ni nini. Aibu ya kusema "panya" mbele ya kaunta ni ndogo kuliko kurudishiwa koti linalonuka manukato na panya kwa pamoja.

Mimi ningechagua nini

Pamba ya viraka, rangi mchanganyiko, mavi na mkojo: lowanisha, okota, suuza kwa maji baridi, vimeng'enya usiku kucha kwa kitambaa kisichochuja, fua na unga wa oksijeni kwa nyuzijoto 40, anika juani upande wa nyuma. Ikiwa ni nyeupe na imara, mara ya mwisho nyuzijoto 60.

Mafundo ya uzi wa sufu yenye mchanga wa nondo: kila fundo kwenye mfuko wake, friza wiki mbili, brashi nje, kisha lisokotwe upya likiwa kitanzi, lioshwe kwa sabuni ya sufu kwenye maji yasiyo ya moto, bila kusugua. Ukisokota upya utaona uzi unakatika mahali alipotafuna kiwavi. Ukikatika kila mita mbili, fundo hilo halikustahili hata baridi ya friza.

Kazi ya tarizi iliyo nusu, yenye alama za kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, ndiyo inayonitoa jasho. Mende amepita katikati yake. Alama hizo zikipata joto hukaa milele, na nyuzi nyekundu za tarizi huenda zikachuja. Hapo hakuna vimeng'enya vya usiku kucha wala oksijeni ya uvuguvugu. Maji baridi mengi kwanza hadi buluu yote itoke, hata kama inamaanisha kuchora upya. Kisha peroksidi kwa kijiti cha pamba, nukta kwa nukta, juu ya kitambaa cha chini tu bila kugusa uzi, ukisuuza kila baada ya nukta. Laza kwenye taulo, usikamue. Kwangu ilichukua siku tatu, na doa moja la ukubwa wa punje ya ulezi lilikataa. Nilishona jani juu yake.